Cheti cha Yule Mtu

Mama yangu alikuwa na namna moja tu ya kumtaja mama yake mzazi. Alimwita "yule mtu." Ukimuuliza yule mtu alikuwa mrefu au mfupi, mweusi au maji ya kunde, alikujibu, "Nitajuaje? Kwani aliningoja nimwone?" Halafu alipuliza jiko kwa nguvu hata kama moto ulikuwa umeshashika.

Hadithi tuliyokua nayo ilikuwa fupi. Yule mtu alimzaa mama huko nyumbani, upande wa ziwa, akamnyonyesha mpaka akaanza kusimama dede, kisha akamwachia Dani na kupanda gari la moshi kuja Nairobi kufuata mwanamume. Hakurudi. Dani ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, na huyo Dani alikuwa mama mzazi wa yule mtu. Ndiye aliyemlea mama yangu mpaka akawa msichana mkubwa. Alifariki kabla mimi sijaanza shule, kwa hiyo ninamjua kwa kusimuliwa tu.

Na hadithi ya Dani ambayo mama alipenda kuisimulia ni ya fimbo. Pale kijijini palikuwa na msichana ambaye mama yake alikufa siku ya kumzaa. Watoto walimwita "mla mama." Walimtungia wimbo, wakimfuata nao mpaka kisimani, na hata watu wazima hawakupenda awabebee watoto wao wachanga. Siku moja mama yangu naye aliuimba wimbo ule, kwa sauti yote aliyopewa na Mungu. Dani alikuwa anatoka kuteka maji. Alitua mtungi wake polepole, akachomoa ufito kwenye ua, akamchapa mama mpaka majirani wakaja kumshika mkono.

"Hakuwahi kunichapa kabla ya siku hiyo wala baada yake," mama alikuwa akisema, amekaa kwenye kizingiti cha chumba chake pale Raila, mtaa mmoja wa Kibera, akituonyesha muundi wa mguu ambao hauna hata alama. "Yule bibi alikuwa mkali, wacha tu!" Nasi tulicheka. Niliichukua kuwa hadithi ya wazee wa zamani, waliokuwa wakichapa watoto kwa ajili ya watoto wa wenzao.

Mwaka jana binti yangu alijifungua mtoto wake wa pili, msichana. Anaishi nami Kawangware, sehemu inayoitwa Kongo, ambako nina vyumba viwili na cherehani mlangoni. Mtoto wa kwanza alipewa jina la upande wa baba yake, kwa hiyo safari hii ilikuwa zamu yetu.

Kwetu jina la mtoto halichaguliwi kwa sababu linasikika vizuri. Ni jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufa, na mara nyingi marehemu mwenyewe hulidai. Atamjia mmoja wenu ndotoni, au mtoto atalia bila ugonjwa, na wazee wataanza kutaja majina ya marehemu mmojammoja mpaka anyamaze. Likishapatikana, mtoto huchukua na heshima yake. Jirani wa mama pale Raila ni mzee mzima mwenye mvi, lakini ana kajukuu kenye jina la mama yake, na anakaita "Mama." Kakilia njaa, mzee anakuja mbio: "Nakuja, Mama, nakuja." Hakuna anayemcheka.

Basi huyu wetu alilia. Woi, alilia! Kliniki walimpima, wakamgeuza huku na huku, wakasema mtoto ni mzima, ana mapafu mazuri tu. Tukataja jina la Dani, akalia. Tukataja dada zake Dani, akaongeza. Mwenye ploti tunayopanga, mama mmoja Mkikuyu ambaye kwao walikuwa wakilima mahindi hapa kabla ya nyumba hizi zote, alikuja kusimama mlangoni akiwa ameshika kiuno. "Ngai! Si mumpe huyu mtoto jina tulale? Sisi kwetu ni rahisi, wa kwanza nyanya wa huku, wa pili nyanya wa kule, kwisha."

Mama alipokuja kutuona aliketi, akapewa chai. Kisha, bila kumtazama yeyote, alisema ameota mwanamke amesimama mlangoni kwake. Haingii, haongei. Ameshika leso iliyokunjwa, ile ya kubebea mtoto mgongoni.

"Ni nani?" nikauliza.

"Simjui."

Binti yangu amerithi mdomo wangu, na Mungu anisamehe kwa urithi huo. "Shosh," akamwambia nyanya yake, "si huyo ni mama yako?"

Mama alisimama, akajifunga leso yake vizuri. "Kama ni yule mtu," alisema, "aende akasimame kwenye milango ya wale aliowalea." Akarudi Kibera, na chai yake ikabaki mezani.

Hata kama angekubali, palikuwa na shida nyingine. Hakuna aliyejua kama yule mtu amekufa. Kwa makisio angekuwa mkongwe kabisa, lakini wakongwe wapo. Na kumpa mtoto jina la mtu aliye hai ni kumchimbia mtu huyo kaburi. Kwetu hakuna anayethubutu. Wakati huohuo karatasi ya hospitali ilikuwa kabatini, nafasi ya jina ikiwa wazi, na cheti cha kuzaliwa kikisubiri.

Lakini nikisema ukweli, jina la mtoto silo lililokuwa likininyima usingizi. Ni mama. Kila mwaka kanisani kwake, Siku ya Akina Mama, watu wakianza kusimama kushukuru kwa ajili ya mama zao, mama yangu hutoka akisema anaenda msalani, na harudi mpaka ibada iishe. Amezeeka hivyo. Niliwaza, huyu atakufa na uchungu huu, na mimi nitauzika pamoja naye kama nguo zake. Hapana. Kama yule mtu alikufa, nijue alikufa lini na wapi. Kama yuko hai, nimtafute nimpe maneno yangu machache. Nilikuwa nimeshayapanga, tena hayakuwa ya kanisani.

Nilianzia nyumbani, ambako wazee bado walilikumbuka jina lake. Binamu yangu anayeishi huko alikwenda kwa chifu, akaenda na kwenye ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Akanipigia simu: hakuna kifo cha mtu wa jina hilo.

"Umetafuta kwa macho au kwa mguu?" nikamuuliza.

"Dada, nimetafuta."

"Katafute tena."

Akatafuta tena, maskini, na jibu likawa lile lile. Hapo ndipo nilipojiambia, mjinga wewe, si tuliambiwa alipanda gari la moshi kuja huku? Kama alikufa, alifia Nairobi. Nikafunika cherehani, nikaenda mjini.

Karani niliyemkuta kwenye ofisi ya usajili alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye sweta na subira. Kwa lafudhi tu nilijua ni wa ziwani kama mimi. Aliniuliza tutafute miaka gani. Nikamwambia aanzie pale mama alipokuwa ameanza kutembea, aje mbele. Akaniambia nirudi baadaye. Nikarudi: hakuna. Akasema labda aliolewa, akabadilisha jina, kwa hiyo tutazame ndoa. Hilo lilinipa nguvu. Nilitaka sana kumwona yule mwanamume kwenye karatasi, nijue jina lake, nijue walifunga pingu za maisha kanisa gani wakati mama yangu akilelewa kwa uji wa mtama. Nikarudi: hakuna ndoa.

Mimi sina subira, nilizaliwa bila. Siku hiyo nilimwambia maneno mengi yule karani, kuhusu kodi tunayolipa na viti wanavyokalia. Walinzi walianza kunitazama. Yeye aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Kwa sasa."

"Basi tuanze upya. Mtu aliyepotea hutafutwa kupitia mtoto wake. Mama yako alizaliwa wapi?"

"Nyumbani."

"Nani alikwambia?"

Nilitoa nakala ya kitambulisho cha mama, nikamsukumia chini ya kioo. "Serikali yenu ndiyo imeniambia. Soma mwenyewe."

Aliisoma. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini kwa chini, akatoa pochi yake mfukoni na kunisukumia kitambulisho chake. "Na wewe soma changu."

Nilisoma. Mahali pa kuzaliwa palikuwa ni kijiji kimoja cha upande wa ziwa.

"Mimi nimezaliwa huko kwenu Kawangware," akasema. "Mama yangu akikukaribisha chai atakuonyesha hata nyumba yenyewe. Lakini siku ya kuchukua kitambulisho niliulizwa nimezaliwa wapi, nikasema nyumbani. Ningesema nini? Mtu anazaliwa Nairobi?"

Nilimrudishia kitambulisho chake. Ni kweli. Hata mimi kitambulisho changu kinasema hivyo, na nilizaliwa Kibera, mkunga akiwa jirani wa mlango wa tatu. Nenda Raila umuulize yeyote kwao ni wapi, hata yule aliyezaliwa kando ya reli akakua akitazama watu wakianika nguo kwenye roshani za Nyayo Highrise. Atakutajia kijiji alichowahi kufika kwa matanga tu. Nairobi tunaishi. Nyumbani ndiko tunakotoka, hata kama hatukutoka huko. Wala si mahali tu. Kitambulisho cha mama kinasema alizaliwa tarehe mosi Januari, na nusu ya wazee wa mtaa wake wamezaliwa siku hiyo hiyo, kwa sababu asiyejua siku yake aliandikiwa hiyo. Mwenye ploti wetu hunichokoza nayo: "Nyinyi mnajua samaki alivuliwa saa ngapi, lakini hamjui mlizaliwa lini."

Karani alichukua kalamu. "Tumtafute mama yako kwenye vizazi vya Nairobi," alisema. "Kwa jina la mama yake. Tuchukue miaka kadhaa, huku na huku. Utapigiwa simu."

Simu ilikuja nikiwa nashona sare za shule. Karani alisema nije, na kama ningeweza, nije na mtu. Nilikwenda peke yangu. Nilipofika aliniambia niketi.

"Nimeketi kwenye foleni tangu asubuhi," nikamwambia.

"Keti tena, dada."

Neno hilo dada lilinitia baridi. Nikaketi. Aliweka mbele yangu karatasi mbili, akaitanguliza moja. Ilikuwa ya kuzaliwa kwa mama yangu. Alizaliwa Nairobi, hospitalini, mwezi wa Agosti. Jina la yule mtu lilikuwa pale limeandikwa vizuri, mara yangu ya kwanza kuliona kwenye karatasi. Nafasi ya baba ilikuwa imepigwa mstari.

"Nilipoona tarehe," karani alisema, "sikutafuta tena mbele. Nilitazama vifo vya siku zile zile. Kazi hii inakufundisha."

Karatasi ya pili ilikuwa ya kifo. Jina ni lile lile, na hospitali ni ile ile. Alikufa siku iliyofuata. Sababu: kutokwa na damu baada ya kujifungua. Mtoa taarifa: mama wa marehemu. Nilitazama umri, nikatazama tena. Yule kikongwe niliyekuwa nimempangia maneno, niliyekuwa nikimwona kichwani akiwa amekaa raha mustarehe kwa mumewe, alikuwa msichana mdogo kuliko binti yangu. Nililia pale pale kwenye benchi, mbele ya foleni, na karani akaondoka akarudi na maji ya kunywa.

Hakumwacha mtu. Hakupanda gari la moshi kumfuata yeyote mama akiwa amesimama dede. Hakupata hata kumwona akikaa. Dani ndiye aliyepanda gari la moshi kuja kumzika binti yake huku, kisha akapanda tena kurudi nyumbani na kichanga.

Nilipofika Raila mama alikuwa mlangoni akichambua majani ya sukuma wiki. Nikamwambia tuingie ndani. Macho yake hayasomi tena herufi ndogo, kwa hiyo nilimsomea mimi, ya kwanza kisha ya pili. 

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Hasira ilikuwa imenipanda, na safari hii nilijua pa kuipeleka. "Dani alikudanganya," nilisema. "Maisha yako yote, mama! Alijua, jina lake liko... ameandikwa hapa, mama wa marehemu. Alimzika kwa mikono yake, halafu akarudi akakwambia amekutupa. Binti yake mwenyewe! Bibi gani anamfanyia mtoto wake—"

"Nyamaza."

Hakupaza sauti. Alikuwa ameinama, mkono wake unapapasa muundi wa mguu, pale pasipo na alama.

"Unakumbuka ile fimbo?" akauliza.

Nilitaka kusema sasa fimbo inaingiaje hapa. Kisha ikaniingia, nikakaa kitandani.

"Mimi ndiye niliyekuwa naimba," mama alisema. "Mla mama, mla mama. Dani akatua mtungi. Nilidhani ananichapa kwa ajili ya yule msichana." Akatikisa kichwa. "Wimbo ule ulikuwa wangu. Mimi ndiye ningefuatwa nao mpaka kisimani. Mimi ndiye ningenyimwa watoto wa watu kuwabeba. Dani aliona hivyo tangu ndani ya gari la moshi, amenipakata. Akawaambia watu binti yake amebaki mjini na mwanamume, nami akaniongezea hayo ya kunyonya, akaona afadhali wamtukane aliyekwisha kufa."

"Na wewe ukamtukana," nilisema, kwa upole wote nilio nao, ambao si mwingi.

"Nikamtukana kuliko wote. Na Dani ananisikia. Kila siku ananisikia, na ni mtoto wake ninayemtukana, na anapakua chakula ananipa." Hapo mama alilia. Sijawahi kumwona analia hivyo, hata baba yangu alipokufa. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia kwenye matanga nyumbani, mpaka jirani yule mzee akaja kugonga akidhani tumefiwa. Mama akamjibu kutoka ndani, "Ndiyo, tumefiwa." Mzee aliketi nje kwenye kizingiti, kofia mkononi, mpaka kilio kikapungua.

Baadaye mama alijifuta uso kwa leso, akanawa, akaniuliza, "Kwa hiyo mimi ni wa Agosti?"

"Wewe ni wa Agosti."

"Na hizi Januari zote mlizoninunulia keki?"

"Tumekula bure."

Akacheka kidogo, kicheko chenye maji. Kisha akachukua zile karatasi mbili, akazikunja pamoja, akazitia kifuani na kusema twende.

Tulikuta Kongo kuna kelele yake ya jioni, watu wanakaanga, watu wanaita wateja, na juu ya kelele hizo zote sauti ya mtoto wetu. Mwenye ploti alikuwa kwenye lango. Aliufungua mdomo aniambie lake, akamwona mama uso wake, akaufunga. Binti yangu alikuwa akizunguka chumbani na mtoto begani, amechoka mpaka macho mekundu. "Shosh, huyu amenishinda," alisema.

Mama hakuketi. Alikunjua leso yake, akampokea mtoto, akamfunika. Aliinamisha mdomo kwenye sikio lake na kulitaja jina, lile lililokuwa halitajwi nyumbani kwetu. Silitaji hapa, ni la wao wawili. Sasa liko kwenye cheti cha kuzaliwa, na mahali pa kuzaliwa nilisimamia mwenyewe pakaandikwa Nairobi.

Mtoto hakunyamaza papo hapo, nisiwadanganye. Aliendelea kulia mpaka giza likaingia, na mama akaendelea kutembea naye kutoka mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, akimpigapiga mgongo. Mimi nilirudi kwenye sare zangu lakini sikushona, kwa sababu nilikuwa nasikiliza. Mama yangu, katika uzee wake wote ule, alikuwa anatumia neno ambalo sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake kwa mtu wake mwenyewe.

"Mama," alikuwa anamwambia. "Nyamaza, Mama. Nimekuona, Mama. Ingia ndani."